Konokono wa Dirishani

Msusi na mwalimu wa sayansi walikutana sokoni, kila mmoja kang'ang'ania upande wake wa chupa moja kubwa ya kioo.

"Mimi nataka kuwekea mafuta ya nywele," alisema msusi, gauni lake la njano limegandwa na vipande vya nywele za kusukia.

"Mimi nataka kuweka dunia," akajibu mwalimu.

Msusi alicheka mpaka akaiachia. Mapenzi yana njia zake za kuingia. Haya yaliingia kwa kicheko.

Wakaoana. Dunia ile ya chupani ikakaa dirishani, ghorofa ya nne: udongo, miche miwili na konokono, kifuniko kimezibwa kwa nta.

"Unaona?" mwalimu alikuwa akijisifu mbele ya wageni. "Maji yanapanda, yanashuka. Haihitaji kitu cha nje." Kisha akamwomba mkewe apumzike kusuka. "Hapa una kila kitu, mpenzi."

Akapumzika, na hapo roho ikaanza kumbana. Asubuhi alivaa gauni la njano, akajitazama, akalivua. Mchana simu ililia.

"Uko wapi, kipenzi?"

"Nitakuwa wapi tena? Dirishani, na konokono wako."

"Mnafanya nini?"

"Tunatazama barabara."

Mwalimu akacheka. Mwenzake hakucheka.

Ijumaa mwenye saluni alikokuwa akisuka akampigia: "Mwanangu, kiti chako nimekishikilia vya kutosha. Jumatatu usipokuja, nampa mwingine."

Jioni alimweleza mumewe. Mwalimu akaonyesha chupa kwa kidole. "Mbona huyu anaishi vizuri bila kutoka?"

Msusi alikwenda jikoni, akarudi na kisu na kipande cha tango. Akapitisha ncha ya kisu chini ya nta. Kifuniko kilitoka bila ubishi, akadondosha tango ndani.

"Unafanya nini?"

"Ninachofanya kila wiki. Majani yako aliyamaliza zamani, akawa analamba kioo. Hiyo miche nimeipanda mimi, nikaziba tena kwa mshumaa. Ningeiachia elimu yako imlishe, leo ungekuwa na gamba tupu."

"Sasa kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa unajisifu kwa wageni. Nikakusitiri." Akakiweka kisu mezani. "Huyu ana mimi wa kumfungulia. Mimi nani ananifungulia? Nakosa pumzi humu, mume wangu."

Mwalimu aliokota vipande vya nta, kimoja kimoja. Walilala wamepeana migongo.

Jumatatu asubuhi msusi alimkuta mumewe amelitandaza gauni la njano mezani, analipiga pasi. Analipiga vibaya, mikunjo miwili pale palipokuwa na mmoja. Hakumkosoa. Alilivaa hivyo hivyo, akashuka ngazi akiimba.

Jioni simu ililia saluni.

"Uko wapi, kipenzi?"

"Kazini. Mikono imejaa nywele, sema haraka."

"Konokono anauliza atakula nini."

"Tango liko kwenye friji."

Mwalimu akafungua friji. "Na mimi?"

"Wewe una miguu, mume wangu. Toka huko ndani, uje tule huku."