Swapu Iliyoachwa Wazi

Mkoba ulikuwa hatua kumi na tano mbele yake, ukiyumba begani mwa mtu aliyekuwa akishuka ngazi tatu kwa mpigo.

Sindano alimfuata kimya. Jasusi hapigi yowe la mwizi.

Ghorofa ya pili. Ghorofa ya kwanza. Mhudumu aliyebeba trei ya vikombe alijibanza ukutani. Vikombe viwili havikuwahi kujibanza. Sindano akaviruka vipande vyake, akatua vibaya, kifundo cha mguu kikalia, akauma meno na kuendelea.

Nje, jua la saa tatu na nusu asubuhi lilimpiga usoni. Yamaha nyeusi ilikuwa ikinguruma kando ya barabara. Mtu yule alijitupa juu yake, akageuka mara moja, akatabasamu kama anayeaga ndugu, kisha akatokomea nyuma ya lori la saruji.

Sindano akasimama. Akagusa saa yake ya Casio, iliyonenepa kidogo kuliko zile za dukani kwa kuwa tumboni mwake mlikuwa na kipokezi. Nukta nyekundu ikajitokeza kwenye kioo. Kifaa kilichoshonwa ndani ya mkanda wa mkoba, kidogo kama punje ya mchele, kilikuwa hai.

Sikioni mwake, redio ikakwaruza.

"Sindano, toa ripoti." Ilikuwa sauti ya Mkuu wa operesheni, mwanamke ambaye hajawahi kusikika akipandisha sauti.

"Wamechukua laptop, Mkuu. Nilishafunga kifuniko. Nimegeuka kulipia chai, mkoba ukavutwa."

"Inawaka?"

"Hapana. Imelala usingizi mzito."

"Basi iache. Diski imesimbwa, haisomeki bila ufunguo. Wameiba kibao cha kukatia vitunguu. Rudi dirishani kwako."

Sindano akainua macho kwenye dirisha hilo.

Kwa siku tatu alikuwa amekaa dirishani mwa mgahawa ule wa ghorofa ya tatu, akilitazama ghala lililo ng'ambo ya barabara. Ndani ya ghala hilo mlikuwa na makasha mia nne ya chupa ndogo zenye maandishi ya dawa za sindano za watoto. Ndani ya chupa mlikuwa na maji na chaki. Saa nne kamili, yule waliyemwita Tajiri angefika mwenyewe kuuaga mzigo, na hiyo ndiyo siku pekee katika mwezi ambayo alionyesha uso wake. Askari kumi na wawili walikuwa wamejificha kuzunguka mtaa, wakimsubiri.

Yote hayo yalijulikana kwa sababu ya Karani wa ghala, mama wa mabinti wawili, ambaye kwa mwezi mzima alikuwa akinakili namba za makasha na kuzituma kwa Sindano. Jina lake lilijulikana na watu wawili tu, Mkuu na Sindano.

Na mashine moja.

Na kama mwizi yule alikuwa mtu wa Tajiri, mashine hiyo sasa ilikuwa njiani kwake.

Wiki tatu zilizopita, Fundi wa idara alimkabidhi ile ThinkPad yenye mfumo wa Linux, akamweleza kila kitu kwa subira ya mwalimu wa chekechea. Diski nzima ilikuwa imesimbwa. Hata swapu ilikuwa imesimbwa, yaani lile eneo la diski ambamo mashine huandika yote iliyo nayo kichwani kabla ya kulala usingizi mzito na kukata umeme. Ufunguo wa swapu hiyo mashine ilijibunia yenyewe kila ilipowashwa, na kuusahau kila ilipozimwa. Hakuna mwizi ambaye angeweza kuisoma.

Wala mashine yenyewe haikuweza. Ililala na kila kitu, ikaamka haijui chochote. Mara tatu Sindano alipoteza ripoti nzima. Mara mbili alimwuliza Fundi, na mara zote mbili akajibiwa, "Choma chaja, mwanangu, usiilaze."

Adhuhuri moja, akiwa amechoka na amekasirika, alilifungua faili la mipangilio akaweka alama moja mbele ya mstari mmoja, na mashine ikaacha kuufuata. Swapu ikabaki wazi, bila kusimbwa. Mashine ikalala, ikaamka na kila dirisha mahali pake. Akafurahi kama mtoto aliyepewa baiskeli.

Akajiambia kwamba angeirekebisha kesho.

Kesho kumi na nne zilikuwa zimepita. Na sasa kila kilichokuwa kichwani mwa mashine, ujumbe wa mwisho wa Karani, jina lake, hata ufunguo wa diski yenyewe, kilikuwa kimelala ndani ya swapu hiyo kikimsubiri yeyote mwenye bisibisi na dakika chache.

Angeweza kunyamaza. Hakuna ambaye angejua. Wazo hilo lilimjia wazi kabisa, na lilimwaibisha kuliko alama yenyewe.

"Mkuu."

"Bado hujarudi dirishani."

"Diski haiko salama. Swapu iko wazi. Jina la Karani limo ndani."

Redioni sauti nyingine ikaingia, nzito na ya kikohozi. Fundi.

"Haiwezekani. Nilifunga kwa mikono yangu."

"Nilifungua, Fundi. Nilitaka ilale na kuamka bila kupoteza kazi."

"Uliifungua lini?"

"Wiki mbili."

Fundi akavuta pumzi. "Uliniuliza mara mbili, mwanangu. Ilikuwa kazi ya nusu saa. Ningekuwekea ufunguo wa kudumu badala ya ule wa kubahatisha, mashine ikuombe nenosiri kabla ya kuamka, basi. Ingelala imefungwa na kuamka salama. Nikaona uvivu."

"Aliyeweka alama ni mimi."

"Mtaungama mkimaliza kazi," Mkuu akakata. "Karani yuko wapi?"

"Ndani ya ghala. Simu zao huachwa getini. Hatuwezi kumwonya."

"Nikiingia sasa kumtoa, Tajiri atageuza gari njiani. Wiki ijayo atafungasha kwingine, na watoto wa watu watadungwa chaki." Sauti yake ilikuwa ileile, na kwa hiyo ikatisha zaidi. "Una dakika ishirini, Sindano. Zikiisha naingia, na Tajiri aende zake."

Vespa ya kukodi ilikuwa nyuma ya mgahawa. Sindano aliipanda huku mguu ukimwaka.

Nukta nyekundu ilikata kulia, ikapita sokoni, ikatua.

Haikusogea tena.

Lilikuwa jengo la mafundi wa vifaa vya umeme, lenye korido ndefu iliyonuka risasi ya kulehemu na vumbi la feni. Kila mlango ulikuwa na kabati la kioo lililojaa simu zilizokufa. Mlango wa mwisho, ghorofa ya pili, ulikuwa umerudishwa nusu.

Dakika kumi na tatu zimebaki.

Alifungua zipu ya koti ili bastola yake ya Glock iwe karibu. Mkononi akashika kalamu ya chuma ambayo haikuwa imeandika neno hata moja tangu itengenezwe. Akatoa simu yake mwenyewe, akaipigiza kona ya ukuta mara moja, kioo kikachanika. Akaingia akichechemea.

"Habari za kazi, kaka? Simu yangu imenifia."

Fundi wa hapo alikuwa kijana mwembamba, miwani yake mikubwa ikimpa sura ya bundi. Mbele yake ThinkPad ilikuwa imelala kifudifudi, tumbo wazi. Diski yake ilikuwa imeunganishwa kwa waya na kompyuta nyingine, na kwenye skrini mistari ilikuwa ikimiminika.

"Rudi mchana, dada. Nina mgonjwa mahututi."

"Na wangu je?"

Miwani akaitupia jicho simu. "Wako ameshakufa. Tunangoja mazishi tu."

Yule mwenye pikipiki alikuwa dirishani, mgongo kwao, simu sikioni. "Ndiyo, bosi. Anasema ni rahisi. Anasema mwenye mashine kaacha mlango wazi, hata kubisha hodi hakuhitaji."

Maneno hayo yalimchoma Sindano kama kaa la moto.

"Nimepata," Miwani akasema, akisogeza kiti. "Kuna ujumbe. Kuna namba za makasha. Na huyu hapa aliyetuma."

Jina lilikuwa katikati ya skrini, herufi zake zote.

"Bosi, limepatikana jina," yule wa dirishani akasema haraka. "Ni mwanamke. Anaitwa..."

Kalamu ikamgusa shingoni. Mlio mfupi wa umeme, kama inzi aliyenaswa kwenye taa. Akaporomoka chini ya meza bila kumaliza sentensi. Sindano aliidaka simu kabla haijafika sakafuni, akaziba kipaza sauti kwa kiganja. Mkono wa pili ulikuwa tayari na Glock.

"Haloo?" simu ikasema. "Anaitwa nani? Haloo!"

Miwani alikuwa ameinua mikono juu.

Dakika tisa.

Sindano akaongea kwa kunong'ona. "Wewe ni fundi wa kompyuta. Hadi dakika hii hujaua mtu. Mwenye jina hilo yuko ndani ya ghala la Tajiri sasa hivi, na ana watoto wawili. Ukilitamka, umemwua. Umenielewa?"

Miwani akaitikia kwa kichwa.

"Mwambie swapu imesimbwa. Mwambie unasoma takataka."

"Hataamini..."

"Mfanye aamini."

Akambonyezea kitufe cha spika, akamsogezea simu.

"Bosi, ni mimi, fundi," Miwani akasema. "Huyu mtu wako kaangusha simu. Ana haraka kama anafukuzwa."

"Jina gani la mwanamke?"

"Hakuna jina, bosi. Kaona jina la mtu aliyetunga programu, liko kwenye kila mashine ya aina hii. Yeye hajui hata kusoma vizuri."

"Si mmesema mlango uko wazi?"

Jicho la Miwani likamwendea Sindano. Bastola haikusogea.

"Nilidhani hivyo, bosi. Kumbe hata swapu imesimbwa. Nasoma takataka tupu."

"Una uhakika? Kwa sababu niko mlangoni mwa uamuzi hapa. Nikisema gari ligeuke, linageuka."

Miwani akafumba macho.

"Bosi, miaka sita nafanya kazi hii. Aliyeitengeneza mashine hii aliijua kazi yake. Alikuwa mtu makini."

Tajiri akatukana tusi moja refu, likamgusa Fundi asiyemjua pamoja na mama yake. "Itupeni mtoni, mzigo haungoji. Dereva, twende."

Simu ikakatika.

Sindano alishusha pumzi. Uongo ule, kila neno lake, ulipaswa kuwa kweli. Ulihitaji nusu saa tu kuwa kweli.

"Mkuu, Sindano hapa. Jina halijatoka. Tajiri anakuja. Usiingie."

"Nimekupata," Mkuu akajibu. Basi.

Sindano akachomoa waya, akaichukua diski, akasimama nyuma ya Miwani hadi kila nakala ilipofutwa na kufutwa tena. Miwani alifanya kazi yake bila kugeuka. Mwishoni hakuweza kujizuia.

"Dada, samahani. Ile mashine imefungwa vizuri kila mahali, isipokuwa mstari mmoja. Mtu kaweka alama. Nani anafanya hivyo?"

Sindano alikuwa akiwafunga pingu za plastiki.

"Mtu aliyechoka," akasema, na papo hapo akajichukia kwa jibu hilo.

Saa nne na dakika saba, Tajiri alishuka kwenye Land Cruiser yake akiwa na kalamu mkononi, tayari kutia saini hati ya mzigo. Hakuitia. Askari kumi na wawili walijitokeza kutoka nyuma ya matanki ya maji, kutoka ndani ya gari la dobi, kutoka juu ya paa. Hakuna risasi iliyolia. Makasha mia nne yalihesabiwa na kupigwa lakiri.

Karani alitolewa kwa mlango wa nyuma. Sindano alimkuta ameketi ndani ya gari la idara, mwanamke mnene wa miaka arobaini hivi, mikono yake ikikunja na kukunjua leso.

"Njoo nikukumbatie, mdogo wangu," Karani akasema machozi yakimlenga. "Mwezi mzima nimeishi roho mkononi. Kumbe mlikuwa mnanilinda."

Sindano hakusogea. Fundi alikuwa nyuma yake. Sindano alisikia kikohozi chake, kisha akamsikia akianza, "Mama, kuna hitilafu ya mashine iliyo..."

"Haikuwa mashine," Sindano akasema. "Dada, leo asubuhi jina lako lilisomwa na watu wawili wa Tajiri. Tumewakamata, lakini wameliona, na watakuwa na mawakili na jamaa wa kuwatembelea. Huwezi kurudi nyumbani. Ni kwa sababu yangu. Niliacha wazi kilichopaswa kufungwa, kwa kuwa kukifunga kulinichelewesha."

Mikono ya Karani ikaacha leso.

"Nyumbani nitarudi lini?"

"Sijui. Labda usirudi kamwe."

Karani hakupaza sauti, na Sindano alitamani sana angepaza.

"Wanangu wanatoka shule saa sita," akasema. "Mkubwa ana mtihani kesho. Amesoma mwezi mzima. Nani atamwambia kwamba haufanyi?"

"Tutamtuma mtu wa ustawi wa jamii..." Mkuu akaanza kusema kutoka kiti cha mbele.

"Sikukuuliza wewe, mama."

"Nitamwambia mimi," Sindano akasema.

"Kila kitu?"

"Kila kitu."

Karani akaitikia kwa kichwa mara moja, akageukia dirisha la upande wa pili. Hakulitaja tena lile kumbatio.

Sindano akamkabidhi Fundi diski. Akachomoa redio sikioni, akaiweka kiganjani mwa Mkuu pamoja na kitambulisho chake, na Mkuu akavipokea bila kusema kama ni vya kutunzwa au vya kurudishwa. Kisha akafunga zipu ya koti na kuvuka barabara kwa hatua za taratibu, akichechemea kidogo, kama mtu asiye na haraka yoyote duniani.

Shule ilikuwa umbali wa mitaa minne. Alipofika, kengele ilikuwa bado haijalia, na lango lilikuwa wazi.