Chungu cha Siku Saba

Kila siku alipotoka shule ya masista pale Kasongo, Apolline alivua sare yake, akaikunja vizuri, kisha akaenda kwenye kinu. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na kutwanga sombe ilikuwa kazi yake. Alichuma majani ya muhogo, yale machanga ya nchani tu, akayapitisha motoni kidogo yanyauke, akayatwanga na kitunguu na pilipili mbichi mpaka yakalainika. Mama yake, Mathilde, aliyapika na mawese, na kabla jua halijazama watu walikuwa wanakula.

"Sombe ya Apolline hata asiye na meno anaila," majirani walisema. Sifa hiyo ilimwingia kichwani, ikakaa humo kama mgeni asiyetaka kuaga.

Baba yake, François, alikuwa mpishi wa Mbelgiji mmoja aliyesimamia mashamba ya pamba. Siku moja, mwaka wa 1954, baba alirudi nyumbani mapema kuliko kawaida, kofia mkononi.

"Mama Apolline, kaa kwanza," alisema. "Bwana anatumwa Brazili mwaka muzima, mji unaitwa Belém, kusoma habari za miti ya mpira. Anasema hataki chakula cha mpishi mwingine. Tunaenda naye sisi wote watatu. Karatasi za safari ziko tayari."

"Brazili iko wapi?"

"Ng'ambo ya bahari."

"Ng'ambo ya bahari!" Mama alishika kiuno. "Na watu wa kule wanakula nini?"

Waridi, rafiki wa Apolline, binti wa muuza vitambaa, aliposikia habari hizo alicheka mpaka akaegemea ukuta. "Wewe unayeogopa mutumbwi wa kuvuka mto pale Nyangwe, ndiyo utapanda meli? Utatapika mpaka roho!"

Na kweli alitapika. Lori mpaka Kindu, boti, treni, boti tena, treni tena mpaka bandari ya Matadi, huko kote alikuwa mzima. Ila bahari, jamani, bahari ilimlaza chini siku sita. Siku ya saba alinyanyuka, akala wali, na tangu hapo meli ikawa kama nyumba.

Belém ilimfungua macho. Mto wa pale ulikuwa mpana hata ukitazama ng'ambo huoni kitu. Apolline, aliyedhani hakuna maji makubwa kuliko Lualaba, mto wa kwao, alisimama ukingoni akiutafuta ukingo wa pili kwa macho. Barabara zilipandwa miembe pande zote mbili, na embe likiiva lilimwangukia yeyote apitaye, awe padri au mchuuzi, naye akaliokota akaenda zake. Kila siku alasiri mvua ilinyesha, tena kwa saa yake, hata watu walipopanga kukutana walisema, "Tuonane kabla ya mvua," au "baada ya mvua." Kwenye soko la kando ya maji palikuwa na samaki warefu kama mtoto, na vikapu vya tunda dogo jeusi ambalo watu walilisaga likawa uji wa zambarau. Na unga wa muhogo, wa njano, ulijaa magunia kwa magunia. "Tazama, Mama!" Apolline alipiga kelele. "Muhogo umetutangulia kufika!"

Waliishi katika vyumba viwili nyuma ya nyumba ya bwana. Jirani yao alikuwa mama mzee mweusi, mnene, mwenye kicheko cha kusikika mtaa wa pili. Jina lake Raimunda. Watu walimwita Dona Raimunda, kama sisi tunavyosema Bi Raimunda. Bibi yake mzaa mama aliletwa huko kutoka Afrika utumwani, na tangu siku ya kwanza mzee huyo aliwaita wageni "watu wangu." Alimfundisha Mathilde kulala kwenye kitanda cha wavu kinachoning'inia. Naye mjukuu wake, Nazaré, alimfundisha Apolline Kireno kwa mchezo wa kamba. Baada ya miezi minne Apolline alikuwa anazungumza nao, ingawa kwa kukwama kwama.

Ukafika mwezi wa kumi, mwezi wa sikukuu kubwa ya Bikira Maria wa Nazareti, ambayo mji ule hauna sikukuu kuipita. Siku ya Jumapili maelfu ya watu huandamana nyuma ya sanamu, kisha kila nyumba hukaa kula. Kwa Dona Raimunda watu arobaini wa mtaa walikuwa wamealikwa. Jumapili moja kabla, mzee aliinjika uani chungu kikubwa, akatia majani yaliyosagwa. Apolline alichungulia, akaruka kwa furaha.

"Lakini hii ni sombe!"

"Hii ni manisoba," alisema Dona Raimunda. "Itachemka siku saba, na moto hauzimiki. Nyama zitaingia baadaye."

"Siku saba? Kwetu sombe inaiva jua likitoka hapa mpaka hapa," alisema, akionyesha angani kwa kidole.

"Kwenu ni kwenu, mwanangu," mzee alijibu, akakoroga.

Jumatano ikaja habari kwamba binti ya Dona Raimunda, anayekaa kisiwani, ameshikwa na uchungu wa uzazi. Mzee alifunga nguo zake upesi, akamchukua Nazaré amsaidie kubeba vitu. Kabla ya kupanda boti alimshika Apolline mabega.

"Chungu nakuachia wewe. Ongeza maji, ongeza kuni. Moto usizimike mpaka nirudi. Nikutegemee?"

"Unitegemee, Dona."

Jumatano hiyo alikilinda vizuri. Alhamisi asubuhi alifunua kifuniko: majani yalikuwa meusi, yameiva kabisa. Alinusa. Kwa mawazo yake, sombe ile ilikuwa imeshapita kiasi. "Huyu mzee anachoma kuni bure," alijisemea. "Sombe ni sombe. Nani atanifundisha mimi sombe?" Wakati huo huo watoto wa mtaa walipita mbio, wakimwita akatazame watu wanavyopamba kanisa kwa taa na maua. Mama alikuwa anafua kwa bwana, baba alikuwa jikoni. Apolline alivuta kuni nje, akazimwagia maji, akaenda. Mapambo yalimlevya kwa uzuri wake, akarudi amechoka, akalala. Moto aliuwasha tena Ijumaa asubuhi.

Mchana huo Dona Raimunda alirudi na Nazaré, uso unang'aa. "Mtoto wa kike! Mzima kama jiwe!" Akatupa jicho kwenye chungu. "Moto haukuzimika?"

"Haukuzimika," alisema Apolline. Neno lilitoka jepesi, kama punje ya mchele.

Mzee alimkumbatia. "Nilijua. Unajua kwa nini siku saba? Majani haya ni ya muhogo mchungu, yana sumu. Nilipokuwa na umri wako, nyumba moja mtaani kwetu iliharakisha chungu. Walikula wakicheka. Usiku walitapika wote, na mtoto mmoja hakuamka. Alikuwa anaitwa Bené. Tulikuwa tunacheza naye." Akafunga macho kidogo, kisha akaenda kukata nyama.

Apolline alibaki amesimama kando ya chungu. Watu arobaini. Nazaré. Baba na mama yake. Jioni hakugusa chakula. Jumamosi asubuhi baba alimkuta amekaa nyuma ya nyumba, magoti kifuani.

"We mutoto, tangu jana hauli. Iko nini?"

Machozi yalitangulia, maneno yakafuata. Alisema yote: kuni, maji, mapambo, na lile neno moja la uongo.

François aliketi kando yake. Alifikiri juu ya mtaa uliowapokea vizuri, na sasa kesho ungesema wageni wameharibu sikukuu. Kisha akavua aproni yake.

"Hata kwetu Kasongo," alisema polepole, "muhogo muchungu tunauloweka mtoni siku tatu. Nani aliharakisha akapona? Simama. Twende kwake."

"Baba, naona haya! Watatufukuza!"

"Haya haiui mutu, mwanangu. Kile chungu ndicho kinaua. Utasema wewe mwenyewe. Mimi nitasimama karibu."

Uani, Dona Raimunda alikuwa anakoroga. Apolline alisema kwa Kireno chake cha kukwama, macho chini. Alipomaliza, mzee aliweka mwiko chini, akakaa kwenye kigoda. Alikikodolea chungu macho, hata Apolline akatamani apigwe kofi yaishe.

Halafu mzee alisimama, akaenda kwenye wigo wa ua, akapaza sauti: "Jirani zangu eee! Manisoba haijaiva! Kesho njoni mle bata! Manisoba ni Jumapili ya wiki ijayo!"

Vichwa vilichungulia madirishani. "Bata?" mzee mmoja alilalamika. "Nimefunga mkanda wiki nzima kwa ajili ya manisoba!"

"Basi fungua tundu moja, ule bata!" Dona Raimunda alimjibu, na mtaa ukacheka. "Sikukuu yenyewe ni siku kumi na tano. Mnakimbilia wapi?"

Mtu akauliza kilichotokea. Apolline alikaza moyo. "Ni mimi. Niliacha moto ukazimika." Watoto walimzomea, "Mpishi wa haraka! Mpishi wa haraka!" na jina hilo lilimfuata wiki nzima. Hakukasirika. Walianza kuhesabu siku upya, na yeye hakubanduka penye chungu isipokuwa Nazaré au mama yake aliposhika zamu. Moshi ulimtoa machozi, mvua ya alasiri ikamlazimu kushika bati juu ya moto, lakini moto haukulala.

Jumapili ya pili meza zilipangwa uani. François alionja, akatikisa kichwa kwa mshangao. "Mama Apolline, onja hii. Nimepika miaka kumi na tano, sijaona majani yakawa matamu hivi."

Dona Raimunda alimvuta Apolline kando ya chungu, mbele ya wazazi wake.

"Sikiliza, mjukuu wangu," alisema. "Kutojua si kosa, mgeni gani anajua yote? Ulikosa ulipodhani unajua, ukaacha kuuliza. Na ulikosa zaidi uliponijibu kwamba moto haukuzimika. Kosa la kwanza tumelirekebisha kwa kuni na siku saba. La pili halikuwa na dawa ila kinywa chako mwenyewe. Ulikifungua kabla watu hawajala, ndiyo maana leo tunacheka na kesho tutaamka wote."

"Ndiyo, Dona." Apolline alipokea upawa, akaanza kuwagawia watu. Alipofika bakuli la tatu alisimama, akageuka. "Dona, zile nyama za chumvi, unazitia siku ya ngapi? Na unajuaje kwamba siku imefika?"

Mzee alicheka kile kicheko chake cha kusikika mtaa wa pili.

"Eti nini? Umeuliza?" alisema. "Basi leo ndiyo umeanza kupika."