Jembe Lililorudi Linang'aa

Siku ya soko Kasulu ni vurugu tupu, lakini Nurudini Khatibu, aliyeuza majembe tangu ndevu hazijamwota, hakuwa mtu wa kubabaishwa na wateja. Siku hiyo alibabaika. Dada mmoja wa jinzi, kitenge cha njano begani, alikuwa anakwaruza jembe jipya la Nurudini kwa msumari.

"We dada, hilo jembe limekukosea nini?"

"Laini mno. Likikutana na mawe ya Heru Juu litaisha kama sabuni."

"Kwani wewe mhunzi?"

"Mtaalamu wa chuma, kaka. Ange Nizigiyimana, wa Kibondo, ila kazi yangu iko chuoni Dar. Natia chuma kwenye tanuri lisilo na hewa, naingiza gesi kidogo, napitisha umeme. Gesi inawaka zambarau, ndiyo plazima yenyewe, na uso wa chuma unakuwa mgumu."

"Na uso wa muuza majembe?"

"Huo mgumu tayari. Hauna hata haya!"

Jamani, walipendana haraka. Ange akirudi Dar, simu haikupoa.

"Umekula, mukunzi?" Ndivyo kwao Ange wanavyomwita mpenzi.

"Nimekula. Sauti yako ndiyo sijashiba."

Yeye Mkatoliki, Nurudini Mwislamu, na ndugu wa pande zote walishaanza kununa. Wao hawakujali.

Kisha Ange akaleta jembe alilolipitisha kwenye plazima. Chuo kilimpa nafasi moja tu. Uso wa jembe ukionekana umestahimili msimu mzima, Ange angefunguliwa karakana hapo Kasulu, na harusi ingefuata. Ukishindwa, mkataba wake unaisha, na kazi nyingine iliyokuwepo ilikuwa Ujerumani.

"Mpe mama alimie," alisema. "Msimu wote asilinoe, tafadhali."

"Nimekuelewa, mukunzi."

Bi Mwanaheri, mama yake Nurudini, alilima mihogo na maharage Heru Juu bila kuligusa kwa tupa. Msimu ukaisha. Sasa huku kwetu milimani, ukiazima jembe unalirudisha limeoshwa na kunolewa, la sivyo umemdharau mwenyewe. Nurudini akalipeleka kwa fundi, likapigwa grenda pande zote mpaka likang'aa, likapakwa mafuta, likafungwa kwa gazeti. Akavaa shati jeupe, akapanda gari la Kibondo, ambako Ange alikuwa amekuja likizo.

Ange alifungua lile gazeti, akapitisha kidole kwenye makali.

"Nuru, umelinoa?"

"Msimu si umekwisha? Ningekuletea chafu, ningekuwa mtu wa namna gani?"

"Ule uso mgumu ni mwembamba kuliko unywele! Nilitakiwa kupima umebaki kiasi gani. Umeusaga wote, Nuru. Wote!" Akalia kwa sauti, mama yake akatoka jikoni mbio. "Nenda. Usinipigie."

Alipiga hata hivyo, kila siku, na Ange hakupokea. Nurudini akawa anakosea kurudisha chenji, wateja wakamcheka. Roho ilimuuma vibaya sana. Hatimaye simu ikaita.

"Nuru."

"Nipo, mukunzi."

"Nilikuamrisha tu, sikukueleza sababu. Nisamehe."

"Mimi ndiye wa kusamehewa."

"Nimewaomba chuoni msimu mwingine, wamekataa. Nakubali ile ya Ujerumani. Naondoka Ijumaa. Uje, basi."

Alimkuta stendi ya Kibondo, kavaa lile gauni la bluu ambalo Nurudini alikuwa akilisifia kila mara. Wakashikana mikono mbele za watu, ndugu na wanune wanavyotaka. Kondakta akaanza kupiga mlango wa basi kwa kiganja.

"Sema neno moja, Nuru," Ange alisema huku machozi yakimtoka. "Moja tu."

Alijua ni neno gani. Alijua pia kwamba akilisema, Ange atashusha begi lake, atakaa dukani kwake kuuza majembe laini, na hatamlaumu kamwe.

"Koti unalo?" aliuliza. "Nasikia kule baridi ni kali."

Ange akajifuta machozi.

"Ninalo."

Nurudini akampandishia begi lake.