Kisima Ndani ya Uzio

Jumatatu asubuhi, Bi Mize wa Kendwa alitoka na ndoo akakuta kisima chake kimo ndani ya uzio wa hoteli. Ramani mpya ilikuwa imesogeza mpaka hatua sita.

Jumatano, saa nne, Inspekta Radhiya aliingia ofisi ya wapima ardhi, Kiembe Samaki. Miguu ilimuuma. Fundi kompyuta wa ofisi hiyo, Himid, alikuwa rumande. Mchana angesomewa shitaka la kuvuruga ramani.

"Shikamoo, Mzee Shamsi."

"Marahaba." Mpima ardhi alimsogezea kiti. "Mkosa si mnaye? Himid katubadilishia maktaba ya hesabu."

"Ndiyo nini?"

"Maelekezo inayoyafuata kompyuta ikipiga hesabu za desimali. Hii yetu kikongwe. Kaitilia maktaba nyepesi ili iende mbio, kumbe inakata desimali. Ndiyo mpaka ukahama."

"Hesabu ya Kendwa uliipiga wewe?"

"Mwenyewe! Toka asubuhi mpaka adhana ya adhuhuri, nnaitazama inavyojikongoja. Mgongo ulikufa ganzi."

Radhiya alifumba macho kidogo, kisha akamwita karani.

"Bi Mitali, vipimo vya Kendwa vya shambani bado vimo humo?"

"Vimo."

"Vipigishe hesabu upya."

Mitali alibonyeza, akachukua birika. Kikombe hakijajaa, majibu yakatokea.

"Mara hii?"

"Tangu Himid aibadilishe ndiyo mwendo wake. Zamani tulikuwa tukilala hapa."

Radhiya aliinamia kioo. Kisima kilikuwa upande wa Bi Mize. Tofauti na ramani ya zamani haikuzidi unene wa ukucha.

"Mzee, uliyengoja mpaka adhuhuri ulitumia maktaba ya zamani. Himid alikuwa hajaigusa. Na hii mpya, unaiona, haikuhamisha kitu. Majibu umeyabadilisha kwa mkono wako."

Shamsi alivua miwani, akaiweka mezani.

"Wenye hoteli wamemwajiri mwanangu, Anuar. Miaka kazunguka na vyeti, kila mlango anaambiwa kesho."

"Na Himid si mwana wa mtu?"

Radhiya alipiga simu kituoni. "Mfungulieni Himid. Mwambieni aende kwao." Akatoa pingu, taratibu, kama anayetoa kitu kizito.

"Inspekta, nakuomba, Anuar asijue leo. Ndiyo kwanza kaanza."

"Kazi gani?"

Sauti ya mzee ilififia. "Mlinzi. Pale kisimani."

"Basi atajua," alisema Radhiya. "Nnakwenda kuung'oa huo uzio, na yeye ndiye atakayenifungulia lango."