Leza Iliyoona Baridi

Kila asubuhi huko Ilomba, Blessing humsaidia mama yake kukanda unga wa maandazi kabla ya kwenda shule. Siku hiyo baridi ya Juni ilikuwa inauma, na mama alilifunika beseni kwa blanketi.

"Kwani unga nao unaona baridi, mama?"

"Eeh, mwanangu. Ukiuacha hivihivi, leo hauumuki."

Shuleni, Blessing na mwenzake Gwakisa walikuwa na kazi moja: kuituliza leza ya kijani. Ndani yake, diodi, yaani kijitaa kidogo cha kielektroniki, husukuma mwanga kwenye fuwele, na fuwele ndiyo hutoa ule ukijani. Mwalimu Bertha aliifunga mezani imulike kipande cha sola kilichounganishwa na spika, akakataza mtu yeyote kuichungulia. Mwanga ukitetereka, spika hukoroma. Wakifanikiwa, wangekwenda kwenye maonesho Iringa, anakosoma dada wa Blessing. Jamani, alivyomkumbuka dada yake!

Spika ilikoroma. Wakabadili betri, wakakaza waya, wapi! Blessing akaukinga mwanga kwa daftari. Spika ikanyamaza.

"Kumbe kelele zinakuja na mwanga wenyewe," akasema.

Gwakisa akachungulia mlangoni, kisha akapunguza sauti ya spika. "Mwalimu anakuja. Nani atajua?"

Blessing alitamani kukubali. Iringa hiyo, kwa kuzungusha kitufe tu! Lakini moyo ulimsuta, akairudisha sauti juu.

"Mwalimu, bado inakoroma," akasema kwa hofu Mwalimu Bertha alipoingia. "Ila jana mchana, jua lilipowaka, ilikuwa afadhali. Labda inaona baridi kama unga wa mama."

Gwakisa akacheka. "Leza na maandazi wapi na wapi?"

"Jaribuni," akasema Mwalimu Bertha.

Blessing akavua sweta, akaifunika nalo leza pamoja na chupa ya maji ya uvuguvugu kutoka jikoni ya shule. Wakangoja. Mkoromo ukapungua, ukapungua, hadi wakasikia kuku wakitafuta chakula nje ya dirisha.

"Imetulia!" Gwakisa akaruka. Kisha akainamisha kichwa. "Mwalimu, mimi nilitaka kupunguza sauti ya spika."

"Ungejiziba masikio tu, leza ingebaki na shida yake," akajibu mwalimu. "Diodi ikipoa, mwanga wake hubadilika, na fuwele haiupokei vizuri. Tusingelijua hilo kama Blessing asingesema kweli. Mficha maradhi, kifo humuumbua." Akamtazama Blessing aliyekuwa akitetemeka kwa baridi, akatabasamu. "Mtakwenda Iringa. Na mbebe sweta mbili mbili, moja ya leza."