Siku Tatu za Mvumo

"Mchele umeingia wadudu. Mwaga wote."

Simu ikakatwa.

Houssen alibaki na mkonga sikioni. Katika idara yao ya ujasusi, mchele ni meli, wadudu ni msaliti, na kumwaga ni kuzamisha. Saa tano asubuhi hiyo boti ya doria ingeizamisha meli ya magendo ya baruti iliyotia nanga kisiwani Nosy Sakatia, pamoja na Msa, mwenzake aliyejipenyeza humo akijifanya mpishi. Mkuu wao, Tadjiddine, aliyepiga simu hiyo, aliamini Msa amenunuliwa, kwa kuwa siku tatu hakusikika hewani.

Aliyeandika "Msa kimya" kwenye ripoti ni Houssen.

Na alidanganya.

Redio ya masafa mafupi aliifunga mwenyewe ndani ya kompyuta, kadi nyembamba tu, ili kila aingiaye chumba kile cha mtaa wa Tanambao, Mahajanga, Madagaska, amwone karani anayechapa barua. Alijigamba kwa Tadjiddine kwamba mwaka ule wa 1997 hakuna mtambo wa kuushinda wake. Kumbe umeme wa kompyuta yenyewe ulivuma na kukoroma, ukameza kila sauti dhaifu. Juzi, chini ya mvumo huo, alisikia mtu akiita kwa Kikomori. Akajiambia ni uchafu wa hewa. Aliona haya kukiri, na haya hiyo sasa inakwenda kuua mtu.

Saa nne kasoro dakika mbili.

Msa huita saa nne.

Houssen alichomoa waya ukutani. Kompyuta ikazimika. Alishuka ngazi mbio hadi dukani kwa Bi Koulsoum, muuza vitambaa.

"Kwezi, mama," alimwamkia. "Niazime redio yako."

"Sony yangu? Nasikiliza mawaidha, mwanangu."

"Dakika tano. Na hiyo taa ya tyubu, izime, nayo inavuma hewani."

Alivuta antena, akazungusha kitufe. Hewa ilikuwa safi, safi hata akajichukia.

"...naita mara ya nne," sauti ya Msa ilisema kwa Kikomori. "Baruti hazimo melini. Zimeshushwa Boanamary, ghala la chumvi. Huku tumebaki mabaharia wanane na mimi. Houssen, unanisikia?"

Kwa simu ya duka alimpigia Tadjiddine.

"Zuia boti, mkuu. Meli ni tupu. Baruti ziko Boanamary."

"Nani kasema?"

"Msa."

"Siku tatu kimya, leo ndiyo kapata ulimi?"



"Hakunyamaza. Nilimsikia juzi, nikaficha. Mtambo wangu haufai, nikaona haya kukwambia."



"Utajibu kwa hili," Tadjiddine alisema.

"Nitajibu. Zuia boti kwanza."

"Naizuia. Nenda Boanamary."

Pikipiki yake ya Yamaha ilimfikisha kwa dakika ishirini na tano. Wageni wawili walikuwa wakipakia makasha kwenye lori, na baadaye walikiri walikuwa wakienda kuyalipua matangi ya mafuta ya bandarini. Bastola ya Houssen, Makarov, ililia mara mbili. Matairi mawili yakakaa chini.

"Mikono juu."

Waliinua.

Jumatatu alimpokea Msa kiwanja cha ndege. Alikuwa amekonda, midomo imepasuka kwa chumvi.

"Nisamehe, ndugu yangu," Msa alisema. "Betri zangu zilikuwa hafifu. Najua hukunisikia."

Mlango wa kukwepa ulikuwa wazi. Kuitikia kwa kichwa tu, yaishe.

"Nilikusikia," Houssen alisema.

 Msa aliuokota mfuko wake, akavaa miwani ya jua, akaondoka polepole bila kugeuka.