Sindano za Kitanda cha Sita

Mama wa kitanda cha sita, mgonjwa wa homa ya uti wa mgongo, alikutwa amekufa saa nne na robo asubuhi. Saa tano mwanawe, mwenye duka la dawa, alikuwa amemkaba muuguzi mlangoni mwa wodi, akipiga kelele kwamba penisilini aliyomdunga mama yake ilikuwa maji matupu.

Mpelelezi alifika saa sita, magoti yakimuuma. Kesi za hospitali zilikuwa zimemchosha: kila mtu analia na hakuna anayejua kitu.

"Sista, dawa uliichanganya wewe?"

"Mimi, afande. Siku tatu, kila baada ya saa nne. Nina watoto wawili. Wakinifukuza hapa, nimekwisha."

Mtunza stoo naye akahojiwa. Vichupa vyote vya penisilini vilikuwepo. Mpelelezi akachukua kimoja, pamoja na chupa ya supu ambayo binti wa marehemu alikuwa akimlishia mama yake. Chini ya chupa hiyo kulikuwa na unga wa manjano. Akavipeleka maabara.

Kesho yake saa tisa alasiri, mtaalamu wa maabara akamwonyesha kisahani alichooteshea bakteria. Kulizunguka tone la dawa, bakteria wote walikuwa wamekufa.

"Dawa ni nzima. Bakteria akikua anajenga ukuta wake. Penisilini inavuruga huo ujenzi, ukuta unalegea, maji yanaingia, anapasuka."

"Sasa mbona mama kafa?"

"Ule unga ni tetrasaiklini. Unamzuia bakteria kukua. Asipokua hajengi, na asipojenga penisilini inakosa cha kuvuruga."

Mpelelezi akawaita ofisini kwa matroni: muuguzi, mwenye duka na dada yake.

"Supu alipika nani?"

"Kaka," binti akajibu.

Mwenye duka akainama. "Nilimpa vidonge wiki nzima kabla ya kumleta. Daktari alipouliza, nikakana. Niliona aibu, afande. Halafu nikaona niendelee, nivisage ndani ya supu, dawa mbili zitashinda moja. Akipona, nijue ni mimi."

"Alipokufa ukamsingizia sista."

"Ningefanyaje? Mtaa mzima unanunua dawa kwangu."

Muuguzi akaangua kilio. Mpelelezi hakufurahi hata kidogo. Alitamani tu kwenda kulala. Ndipo binti akamgeukia kaka yake.

"Mama alisema supu chungu. Alisukuma kijiko, mimi nikamgombeza amalize. Nilimwambia, kaka kajisumbua kuipika."